MAKALA: Mivunjiko ya Wazi na Uzito wa Nukuu: Namna Utafiti wa Daktari Bingwa wa Mifupa Unavyopimwa

Na Mwandishi Wetu

Majeruhi wa ajali ya pikipiki anapofikishwa hospitalini huku mfupa wa muundi ukiwa umetoboa ngozi, jambo mojawapo ambalo daktari hulitazama mapema ni ukubwa wa jeraha na kiasi cha nyama, misuli na mishipa iliyoharibika. Baada ya hapo huandika katika jalada la mgonjwa maneno machache yanayofahamika kwa madaktari wa mifupa duniani kote: "Gustilo aina ya I", "aina ya II" au "aina ya III". Maneno hayo huchangia kuamua ni dawa gani zitatolewa, kidonda kitafungwa lini, na wakati mwingine hata kama mguu utabaki au utakatwa.

Jina hilo ni la Dkt. Ramon Gustilo, daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa mzaliwa wa Ufilipino aliyefanya kazi nchini Marekani. Makala zake mbili, ya mwaka 1976 na ya mwaka 1984, ni miongoni mwa kazi zilizonukuliwa mara nyingi zaidi katika fani ya mifupa. Makala haya yanaeleza kazi hizo zilisema nini, nukuu za kitaaluma huhesabiwa vipi, na kwa nini mwananchi anayesikia kuwa mtafiti fulani "amenukuliwa mara nyingi" anapaswa kuelewa kinachopimwa na kisichopimwa.

Utafiti wa mivunjiko 1,025

Kabla ya miaka ya 1970, mvunjiko wa wazi, yaani ule ambao mfupa uliovunjika umekutana na hewa ya nje kupitia jeraha, ulikuwa tishio kubwa kwa maisha na kwa viungo. Udongo, vipande vya nguo na vimelea huingia hadi kwenye mfupa, na maambukizi yakishakaa ndani ya mfupa huweza kumsumbua mgonjwa kwa miaka mingi.

Katika mwaka 1976 Dkt. Gustilo na mwenzake J. T. Anderson walichapisha katika jarida la Journal of Bone and Joint Surgery, toleo la Marekani, matokeo ya uchunguzi wa mivunjiko ya wazi 1,025 ya mifupa mirefu iliyotibiwa mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota. Kazi hiyo ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilipitia kumbukumbu za mivunjiko 673 iliyotibiwa kati ya mwaka 1955 na 1968. Ya pili ilifuatilia mivunjiko 352 kuanzia mwaka 1969 hadi 1973, safari hii kwa utaratibu uliopangwa mapema: kuondoa nyama zote zilizokufa, kuosha jeraha kwa maji mengi, kuotesha vimelea vya kila jeraha maabara, kutoa dawa za antibiotiki kabla ya upasuaji na kwa siku tatu baada yake, na kuacha wazi kwa muda majeraha makubwa badala ya kuyashona siku ileile.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Kwa mivunjiko mibaya zaidi, iliyopewa jina la aina ya III, kiwango cha maambukizi kilikuwa asilimia 44 katika sehemu ya kwanza ya uchunguzi na asilimia 9 katika sehemu ya pili. Kwa lugha nyepesi, kati ya majeruhi 100 wa kundi hilo, idadi ya waliopata maambukizi ilishuka kutoka 44 hadi 9.

Hata hivyo, kilichoifanya makala hiyo idumu zaidi ni mgawanyo wa majeraha katika aina tatu. Aina ya I ni jeraha safi lenye urefu usiozidi sentimita 1. Aina ya II ni jeraha linalozidi sentimita 1 lakini lisilo na uharibifu mkubwa wa nyama na misuli. Aina ya III ni jeraha lenye uharibifu mkubwa wa nyama, mfupa uliovunjika vipande sehemu mbili au zaidi, au kiungo kilichokatika kwa ajali.

Miaka minane baadaye ilidhihirika kwamba aina ya III ilikuwa imekusanya majeraha yasiyofanana. Katika makala ya mwaka 1984, iliyochapishwa katika jarida la Journal of Trauma, Dkt. Gustilo na wenzake R. M. Mendoza na D. N. Williams waliigawa aina hiyo katika makundi matatu. Kundi la IIIA ni majeraha ambayo mfupa bado unaweza kufunikwa na nyama iliyopo. Kundi la IIIB ni yale ambayo mfupa umeachwa wazi na huhitaji kufunikwa kwa nyama inayohamishwa kutoka sehemu nyingine ya mwili. Kundi la IIIC ni yale yenye mshipa mkubwa wa damu uliokatika na unaohitaji kuunganishwa. Viwango vya maambukizi katika uchunguzi huo vilikuwa asilimia 4 kwa IIIA, asilimia 52 kwa IIIB na asilimia 42 kwa IIIC. Tofauti kati ya asilimia 4 na 52 ilitosha kuonesha kwamba majeruhi hao hawakustahili kuhesabiwa kuwa wa kundi moja.

Nukuu ni nini na huhesabiwa vipi

Katika uandishi wa kitaaluma, mtafiti anapotumia wazo, kipimo au matokeo ya mtu mwingine hulazimika kutaja kazi hiyo katika orodha ya marejeo. Kila kutajwa huko huhesabiwa kuwa nukuu moja. Nukuu ni kumbukumbu inayoonesha kwamba kazi ya awali imetumiwa, imejadiliwa au hata imepingwa.

Wazo la kukusanya nukuu hizo kwa utaratibu lilielezwa na Eugene Garfield katika makala aliyoichapisha mwaka 1955 kwenye jarida la Science. Mwaka 1964 taasisi yake iliyokuwa Philadelphia ilianza kutoa fahirisi ya nukuu za sayansi, iliyomwezesha msomaji kuanza na makala ya zamani na kutafuta ni nani waliokuja kuitaja baadaye. Fahirisi hiyo ndiyo mzazi wa kanzidata ya Web of Science inayotumika leo. Mwaka 2004 ziliongezeka kanzidata mbili nyingine kubwa, Scopus na Google Scholar.

Ni muhimu kufahamu kwamba kanzidata hizi hazitoi hesabu moja. Web of Science na Scopus huchagua majarida ya kuyafuatilia, ilhali Google Scholar hukusanya pia tasnifu, vitabu, ripoti na machapisho mengine yanayopatikana katika intaneti. Kwa sababu hiyo mtafiti mmoja anaweza kuwa na idadi tatu tofauti za nukuu kwa siku moja, na zote zikawa sahihi kwa mujibu wa chanzo chake. Takwimu ya nukuu isiyotaja kanzidata iliyotumika na tarehe iliyosomwa ni takwimu pungufu.

Kipimo cha h na mipaka yake

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kinachounganisha wingi wa machapisho na wingi wa nukuu katika namba moja. Kipimo hicho huitwa kipimo cha h. Mtafiti huwa na h sawa na 10 iwapo makala zake 10 zimenukuliwa angalau mara 10 kila moja, na zilizobaki hazijafikia kiwango cha kuongeza namba hiyo.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa daktari mwenye makala sita zilizonukuliwa mara 40, 22, 9, 5, 4 na 1. Makala nne za mwanzo kila moja ina nukuu zisizopungua 4, lakini ya tano ina nukuu 4 tu na haijafikia 5. Hivyo kipimo chake cha h ni 4. Iwapo makala yake ya kwanza ingenukuliwa mara 4,000 badala ya 40, kipimo kingebaki 4 vilevile.

Hapo ndipo mfano wa Dkt. Gustilo unapoonesha udhaifu wa kipimo hicho. Makala ya mwaka 1976 imenukuliwa maelfu ya mara, lakini katika hesabu ya h huongeza hatua moja tu, sawa na makala nyingine yoyote iliyovuka kiwango. Mtaalamu aliyebadilisha matibabu ya dunia kwa makala mbili anaweza kuwa na h ndogo kuliko mwenzake mwenye makala 60 za kawaida. Aidha, kipimo hiki huongezeka kadiri umri wa kazi unavyosonga na hakishuki kamwe, hivyo si haki kumlinganisha daktari kijana na profesa wa miaka 30. Vilevile hakitofautishi mwandishi wa kwanza aliyebeba mzigo na mwandishi wa kumi na tano aliyesaidia kidogo.

Kipimo cha jarida si kipimo cha mtu

Kipimo kingine kinachotajwa mara kwa mara ni kipimo cha athari ya jarida. Hupatikana kwa kuchukua idadi ya nukuu ambazo jarida limepata katika mwaka fulani kwa makala lilizochapisha katika miaka miwili iliyotangulia, kisha kugawanya kwa idadi ya makala hizo. Kilibuniwa ili kulinganisha majarida na kuwasaidia wakutubi kuchagua ya kununua.

Kwa utaratibu huo, nukuu ambayo makala ya Gustilo na Anderson inaipata leo haiongezi chochote katika kipimo cha athari cha jarida lililoichapisha, kwa kuwa dirisha la miaka miwili lilifungwa tangu mwaka 1978. Fani ya mifupa huathirika sana na jambo hili. Mfupa huchukua miezi kuunga, na mgonjwa hufuatiliwa mwaka mmoja au zaidi kabla ya matokeo kuandikwa. Kulinganisha majarida ya fani hii na yale ya fani ambazo majaribio hukamilika kwa wiki chache ni kulinganisha kobe na sungura.

Kutokana na matumizi yasiyo sahihi ya kipimo hicho, kundi la wahariri na wachapishaji wa majarida ya kisayansi waliokutana San Francisco mwezi Desemba 2012 waliandaa azimio lililotangazwa mwaka 2013, likihimiza taasisi zisitumie kipimo cha jarida kuwa mbadala wa ubora wa makala moja moja au wa mtafiti mmoja mmoja. Mwaka 2015 lilifuata Azimio la Leiden lenye kanuni 10, likisisitiza kwamba namba zisaidie uamuzi wa wataalamu na zisichukue nafasi yake.

Kwa nini makala hiyo ilinukuliwa sana

Katika fani ya mifupa, makala zinazonukuliwa zaidi mara nyingi ni zile zinazotoa lugha ya pamoja ya kupima. Makala ya Dkt. William Harris ya mwaka 1969 hutajwa mno kwa sababu ya kipimo cha afya ya nyonga kilichomo ndani yake, ingawa mada yake ilikuwa matibabu ya ugonjwa wa nyonga uliotokana na ajali. Mtafiti yeyote anayetaka kulinganisha wagonjwa wa Dar es Salaam na wa Oslo huhitaji kipimo kimoja, na aliyekitoa ndiye atakayetajwa.

Hiyo haina maana kwamba makala inayonukuliwa zaidi ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote. Mwaka 1974, miaka miwili kabla ya kazi ya Gustilo na Anderson, Dkt. Michael Patzakis na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 310 waliogawanywa katika makundi ya kulinganishwa. Waliokosa antibiotiki walipata maambukizi kwa asilimia 13.9, na waliopewa dawa ya jamii ya sefalosporini kwa asilimia 2.3. Uchunguzi huo wenye mpangilio madhubuti ni nguzo ya matumizi ya antibiotiki katika mivunjiko ya wazi, lakini jina la Patzakis halikuwa neno la kila siku wodini kama lilivyokuwa la Gustilo.

Upo pia ukweli wa upande wa pili. Kazi ikishakuwa ya kawaida mno, waandishi huacha kuinukuu. Madaktari wengi huandika "Gustilo aina ya III" bila kuweka rejea yoyote, kama vile mtu asivyotaja mgunduzi wa kipimajoto anapoandika nyuzi za joto. Hivyo hata maelfu ya nukuu yaliyohesabiwa ni pungufu ya matumizi halisi.

Kunukuliwa si kuthibitishwa

Mwaka 1994 Dkt. Robert Brumback na Dkt. Alan Jones walichapisha uchunguzi uliowahusisha madaktari wa mifupa 245. Madaktari hao waliombwa kupanga mivunjiko ya wazi ya muundi katika aina za Gustilo. Wastani wa kukubaliana kwao ulikuwa asilimia 60. Kwa maneno mengine, katika visa vingi jeraha lilelile liliweza kupewa aina tofauti kulingana na daktari aliyelitazama. Kwa sababu hiyo wataalamu wanashauri kwamba aina ya jeraha iamuliwe chumba cha upasuaji baada ya kusafishwa, kwani tundu dogo la ngozi linaweza kuficha uharibifu mkubwa chini yake. Mwaka 2010 chama cha madaktari wa ajali za mifupa cha Marekani kilitoa mgawanyo mpya unaozingatia ngozi, misuli, mishipa ya damu, uchafu na upotevu wa mfupa kila kimoja peke yake.

Uchunguzi wa Brumback na Jones nao humnukuu Gustilo. Katika hesabu ya kanzidata, nukuu hiyo ya kukosoa ina thamani ileile na nukuu ya kusifu. Mashine huhesabu kutajwa tu. Kujua sababu ya kutajwa humlazimu mtu kusoma.

Mchango wa Muhimbili

Mfano wa karibu nasi unatoka katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1996. Mwaka 2020, jarida lilelile lililochapisha kazi ya Gustilo na Anderson lilichapisha matokeo ya jaribio la kitabibu lililofanyika MOI, mwandishi wa kwanza akiwa Dkt. Billy Haonga, kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco.

Jaribio hilo liliwahusisha wagonjwa 240 wenye mivunjiko ya wazi ya muundi. Kwa njia ya nasibu, baadhi waliwekewa chuma ndani ya mfupa na wengine vyuma vya kushikilia mfupa kwa nje. Wagonjwa 221, sawa na asilimia 92.1, walifuatiliwa hadi mwaka mmoja. Waliofariki au kulazimika kurudia upasuaji kwa sababu ya maambukizi ya ndani, mfupa kutounga au kuunga ukiwa umepinda walikuwa asilimia 18.0 katika kundi la chuma cha ndani na asilimia 21.8 katika kundi la vyuma vya nje, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema njia moja ni bora kuliko nyingine kwa kigezo hicho. Hata hivyo, mifupa ya waliowekewa chuma cha ndani ilinyooka vizuri zaidi, na hali zao za maisha zilikuwa bora katika wiki ya sita, ingawa tofauti hiyo ya hali ya maisha ilikuwa imetoweka kufikia mwaka mmoja.

Ikumbukwe kwamba makala ya mwaka 1976 ilishauri mvunjiko wa wazi usiwekewe chuma cha ndani mara moja, isipokuwa pale ambapo mshipa wa damu umeumia. Ushauri huo ulifaa kwa vifaa na dawa za wakati wake. Miaka 44 baadaye, wagonjwa wa Tanzania walisaidia kutoa jibu jipya linalohusu hospitali zenye mazingira kama ya kwetu. Jaribio hilo haliwezi kushindana kwa idadi ya nukuu na kazi iliyotangulia kwa zaidi ya miongo minne, lakini kwa daktari wa hospitali ya rufaa ya mkoa anayepaswa kuchagua chuma cha kumwekea dereva wa bodaboda, linajibu swali lililo mezani kwake.

Mambo ya kuzingatia

Katika vyuo vikuu machapisho huzingatiwa wakati wa kupandisha vyeo, na fedha za utafiti hutolewa kwa ushindani. Kwa kuwa fedha hizo na mishahara hiyo kwa sehemu kubwa hutokana na kodi, mwananchi ana haki ya kuuliza maswali sahihi anaposoma kuhusu mafanikio ya mtafiti.

Kwanza, nukuu zilizotajwa zimetoka kanzidata ipi na kwa tarehe ipi? Pili, je, analinganishwa na watu wa fani yake na wa umri wake wa kazi? Tatu, ni nukuu ngapi ambazo mtafiti amejinukuu mwenyewe? Kujinukuu si kosa pale kazi moja inapojengwa juu ya nyingine, lakini kukizidi huvimbisha hesabu. Nne, je, machapisho yote ni yake? Watafiti wenye majina yanayofanana huchanganywa mara kwa mara, na ndiyo sababu tangu mwaka 2012 kuna utambulisho wa ORCID wenye tarakimu 16 unaomtofautisha kila mtafiti. Tano, na lililo kubwa zaidi, utafiti huo umebadilisha nini katika matibabu?

Swali hilo la tano halina namba moja ya kulijibu. Jibu lake hupatikana katika miongozo ya tiba, katika mafunzo ya madaktari vijana na katika majalada ya wagonjwa waliotoka hospitalini wakitembea kwa miguu yao miwili. Mwananchi naye ana nafasi katika mnyororo huo. Majeruhi mwenye mfupa ulio nje afikishwe hospitali mapema, jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na lisipakwe kitu chochote, kwa kuwa muda unaopita kabla ya kupata antibiotiki na kusafishwa ni sehemu ya matibabu yenyewe. Na pale anapoombwa kwa hiari yake kushiriki katika utafiti ulioidhinishwa, afahamu kwamba majaribio kama lile la MOI hutegemea wagonjwa wanaokubali kufuatiliwa, na kwamba bila kurudi kwao kliniki kusingekuwa na matokeo ya kunukuliwa.